Kompyuta ya Marehemu Haitoki Humu

Siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu, turubai likiwa bado halijashushwa uani, shemeji yangu alifika na pikipiki ya miguu mitatu, ile ya kubebea mizigo. Alikuja kuchukua kompyuta.

"Shemeji," alisema akiwa mlangoni, "hii mashine wewe hutaitumia. Itakaa hapa ioze. Bora niipeleke kwangu, watoto wajifunzie."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama wa kanisani. Niliinuka, nikaenda kusimama kati yake na meza ya kona.

"Haitoki," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nasema haitoki humu."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Mimi niliishia darasa la saba. Nimechuma chai tangu usichana wangu mpaka vidole vikawa vyeusi kwenye kucha, na baada ya hapo nikalima migomba na kufuga ng'ombe mmoja wa ndani hapa Kawetele. Ile kompyuta sikuwahi kuigusa ila kwa kitambaa cha vumbi. Shemeji alilijua hilo, na wale akina mama walilijua. Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulijua, au alilijua akalidharau, nami nililibeba kifuani tangu siku ya maziko.

Mume wangu alikuwa karani wa chai. Alipostaafu alinunua kompyuta iliyotumika, akaipanga kwenye kona ya sebule: kioo juu ya meza, sipiyu chini, juu ya kipande cha mbao ili isikae kwenye sakafu, maana sakafu zetu huku hutoa jasho miezi ya mvua, na mvua yenyewe haijui kwenda likizo. Printa aliiweka juu ya kabati. Kila kitu alikifunika kwa vitambaa nilivyovifuma mimi. Kazi aliyoifanya kwenye mashine ile ilikuwa moja tu: kuandika wasifu wa marehemu. Mtu akifiwa Kawetele, Suma au kule Igogwe, alikuja na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Mume wangu alimkalisha, akamwuliza maswali, akaandika vizuri, akachapa. Kwa miaka mingi sana hapakuwa na mtu aliyeshushwa kaburini upande wetu ambaye maisha yake hayakupitia kwanza kwenye kona ile.

Siku moja nilimwuliza, "Na wako ataandika nani?"

Akacheka. "Wangu nimeshauandika. Umo humu. Sitaki kuandikwa na mtu asiyenijua."

Kisha akaugua. Miezi mitano ya kwenda hospitali na kurudi, mashine ikakaa bila kuwashwa, mvua ikinyesha. Alipofariki, asubuhi ya maziko niliibonyeza ile swichi kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Feni ilizunguka, mashine ikalia mlio mara tatu, kioo kikabaki cheusi. Nilimwambia shemeji, "Wasifu wake umo humu, aliuandika mwenyewe, tafuteni mtu aufungue." Akasema muda hauruhusu, mchungaji amekwisha kufika. Akachana karatasi ya daftari, akaandika akiwa ameegemea boneti ya gari.

Akausoma mbele ya watu wote. Alikosea mwaka wa ubatizo, hilo nililisamehe. Alisahau kwamba kaka yake alikuwa mwimbaji wa besi, hilo nalo nililisamehe. Kisha akasema: "Marehemu ameacha mjane. Hakujaliwa kupata mtoto."

Tulijaliwa. Tulipata binti. Aliishi miezi saba, akajua kucheka, akajua kumkamata baba yake sikio. Kaburi lake liko hatua nne kutoka mahali shemeji alipokuwa amesimama na karatasi yake.

Ndiyo maana nilisema haitoki.

Shemeji aliondoka na pikipiki tupu, akiniahidi kwamba tutaongea wakati akili zimetulia. Akina mama nao walipomaliza siku zao wakarudi makwao. Nikabaki mimi na ile mashine, nikaketi kwenye kiti chake.

Nilibonyeza. Mlio mara tatu, kioo cheusi. Nikazima, nikawasha, vilevile. Nikajaribu kukumbuka. Mume wangu hakuwa mtu wa kupeleka vitu kwa fundi. Mashine ikimsumbua aliilaza kifudifudi kama mtoto, akafungua ubavu wake, akafanya mambo yake huku nikimpitishia chai. Nilikumbuka alikuwa akichomoa kijibao chembamba cha kijani chenye meno ya rangi ya dhahabu, akakisugua kwa kifutio cha shule. Nilimwuliza kwa nini. Alisema unyevu unayashikisha yale meno kutu isiyoonekana, na mashine ikishindwa kukihisi kile kijibao inalia.

Nikachomoa waya ukutani, nikafungua. Ndani kulikuwa na vumbi lililoganda kama manyoya, na sisimizi walikuwa wamejenga pembeni. Sikuwa na woga. Nimeshika matumbo ya ng'ombe anayezaa vibaya. Nitaogopa bati na nyaya? Nikawafagia sisimizi kwa manyoya ya kuku. Nikakiona kijibao, nikakichomoa, nikakisugua kwa kifutio mpaka meno yakang'aa, nikakirudisha. Mlio mara tatu. Nikakichomoa tena. Nilikuwa nimekigeuza. Kina pengo dogo katikati ya meno, na pengo hilo lazima likutane na kinundu chake kule kwenye ubao. Nikakipanga sawa, nikakisukuma kwa vidole gumba viwili mpaka kikasema *kwa*.

Nilipobonyeza, ililia mara moja tu, mlio mfupi. Kioo kikawaka.

Nilicheka peke yangu, na kicheko kikageuka kilio. Nilijiacha nilie kidogo, kisha nikasoma. Maandishi meupe yalisema saa na tarehe si sahihi, bonyeza kitufe fulani kuendelea. Nikabonyeza. Ikaja picha ya mlima, na chini yake kidirisha kidogo: neno la siri.

Hilo sikulitegemea. Niliandika jina lake kwa kidole kimoja, kila herufi ikitoa nukta. Hapana. Nikaandika jina langu. Hapana. Nikaandika jina la binti yetu, nikiwa na hakika kabisa. Hapana. Niliumia, nisiseme uongo. Niliandika jina la kanisa, la kijiji alikozaliwa, la ng'ombe. Kwa siku nne mfululizo, nikitoka kukata majani ya ng'ombe, nilikaa pale nikajaribu maneno mpaka nikaishiwa maneno.

Siku ya tano niliifunga sipiyu kwa kanga, nikaivika mfuko wa mbolea kwa ajili ya mvua, nikapanda bodaboda nayo mapajani hadi mjini Tukuyu. Fundi wa kompyuta alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na kibanda chake kilijaa vioo vilivyopasuka. Aliiwasha, akaangalia mara moja.

"Mama, hii dawa yake ni kupiga windo upya. Saa moja tu, inakuwa mpya."

"Na vilivyomo?"

"Vinafutika. Lakini mashine inakuwa nyepesi, utaifurahia."

"Vyote vinafutika?"

"Kuna namna ya kuvitoa kwanza, lakini hii diski yenyewe inagonga, unaisikia? Nikiisumbua inaweza kufa mikononi mwangu. Sikudanganyi." Akavua miwani. "Kwani mama kuna nini humo? Picha?"

"Kuna mume wangu."

Akanitazama, akaitazama mashine. "Basi nenda ukalikumbuke neno lenyewe," akasema taratibu. "Hiyo ndiyo njia salama kuliko zangu zote. Mtu huwa haweki neno gumu nyumbani kwake. Anaweka kitu anachokitamka kila siku."

Nikaivika mfuko wake, nikarudi nayo Kawetele. Dereva wa bodaboda aliniuliza kama imepona. Nikamwambia haikuwa inaumwa.

Rafiki yangu mmoja, tuliyechuma naye chai tangu usichana, alinitembelea wiki hiyo. Alikuja na mkungu mdogo wa ndizi kichwani, na kabla hajafika mlangoni alipaza sauti kama tulivyozoea kutaniana enzi zile: "Mia nne kumi na saba, upo?"

Nilikuwa nakamua. Nilisimama na ndoo mkononi, maziwa yakamwagika.

Shambani hatukuwa na majina. Jioni tulipanga foleni kwenye banda la kupimia, karani akaita namba, ukapeleka kapu lako kwenye mzani. Yangu ilikuwa mia nne kumi na saba. Karani aliyeiita alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya besi, na siku moja aliiita namba yangu mara mbili ingawa kapu langu lilikuwa limekwisha kupimwa. Foleni nzima ikacheka. Ndivyo tulivyoanza. Na hata baada ya ndoa, hata katika ugonjwa, akinitaka nimletee maji aliita, "Mia nne kumi na saba."

Nilimwacha rafiki yangu na ndizi zake uani, nikaingia ndani, nikawasha. Nikasubiri ule mlima. Upande wa kulia wa kibodi kuna namba zilizopangwa kama kwenye simu. Nikabonyeza nne, moja, saba. Hakikutokea kitu, hata nukta moja. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Kidirisha kikabaki kitupu.

Rafiki yangu alikuwa amesimama nyuma yangu akijifuta mikono. "Labda imekukataa," akasema.

"Ikinikataa ilete nukta kwanza," nikamjibu. "Herufi nilizoandika siku zote zilikuwa zinaleta nukta. Hii haijanikataa. Haijanisikia."

Nikaikagua ile kibodi kama mtu anayechambua mchele. Juu ya herufi kulikuwa na namba nyingine, zimepangwa mstari mmoja. Nikajaribu zile. Nne, nukta. Moja, nukta. Saba, nukta. Nikabonyeza kile kitufe kikubwa.

Ikafunguka.

Baadaye fundi wa Tukuyu alinieleza kwamba ndani kuna betri ndogo ya duara kama ya saa ya mkononi, nayo ilikuwa imekufa. Ndiyo maana mashine ilisahau tarehe kila ilipozimwa, na ilisahau pia kuziamsha zile namba za upande wa kulia. Nikanunua betri, nikaibadilisha mwenyewe kwa ncha ya kisu.

Wasifu wa watu wote ulikuwa umepangwa kwa vijiji. Nilipita kwenye majina ya watu niliowazika, majirani, walimu, mkunga aliyenizalisha. Faili lake aliliita "Mimi". Lilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Sitauandika wote hapa. Lakini katikati alikuwa ameandika hivi: "Tulijaliwa mtoto mmoja wa kike, akaishi nasi miezi saba. Ninayemwomba kusoma karatasi hii asimruke."

Nilimsomea rafiki yangu kwa sauti. Akaketi sakafuni, palepale.

Miezi ikapita, kumbukumbu ya mwaka ikawa inakaribia, siku ya kujengea kaburi na kuweka msalaba. Niliamua siku hiyo wasifu ule utasomwa, na utasomwa kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, kama za watu wote aliowaandikia. Ilibaki kuongeza ugonjwa wake na kufariki kwake, mistari sita au saba. Mtu wa kompyuta angeimaliza kwa dakika kumi. Mimi ilinichukua wiki mbili.

Siku ya kwanza niliandika mistari yote, umeme ukakatika, yote ikapotea. Nikaandika tena. Ukakatika tena. Nikajifunza kuhifadhi baada ya kila sentensi, nikawa nabonyeza kama mtu anayepiga ishara ya msalaba. Halafu nikaona maneno yangu yamepigiwa mstari mwekundu chini, yote. Nilikumbuka kalamu nyekundu ya mwalimu wetu, nikaona aibu. Nilikaa asubuhi nzima nikiyaandika upya: aliugua, nyekundu, mke wake, nyekundu, akafariki, nyekundu. Nilibadilisha mpaka sikujua tena ninachosema. Kisha macho yangu yakaangukia neno Mungu. Nalo lilikuwa na mstari mwekundu. Hapo nikajua mwenye kosa si mimi. Nikarudisha maneno yangu yote kama yalivyokuwa, na ile mistari nikaiacha iwake ilivyotaka.

Printa ndiyo iliyokuwa na kiburi kuliko wote. Iliivuta karatasi, ikaitafuna, ikaitema ikiwa imekunjamana kama jani la kabichi. Nilidhani imeharibika. Nikaishika karatasi, nikaisikia imelegea; ilikuwa imekunywa unyevu wa mwaka mzima. Nikatandaza karatasi kumi juu ya kichanja jikoni, mbali kidogo na moshi, nikazilinda zisidakwe na kuku. Jioni zilikuwa zinalia zikiguswa. Ya kwanza ikapita, ikatoka safi, yenye harufu ndogo ya kuni.

Wiki ya kumbukumbu shemeji alikuja tena, bila pikipiki mara hii. Alikunywa chai, akaongea habari za mchanga na saruji, kisha akafika alipokuwa anakwenda.

"Ile mashine, shemeji. Vitu vya mwanamume hurudi kwa ndugu zake. Wewe unajua."

"Panga lake nilikupa," nikasema. "Koti nilikupa, viatu, redio. Hiki kinabaki."

"Unaifanyia nini?"

"Naiandikia."

Akatabasamu. "Haya. Na wasifu siku ile nitausoma mimi, ule ule. Nimeutunza."

Nikakusanya vikombe. Kuna maneno ambayo ukiyatamka jikoni yanaishiwa nguvu kabla hayajafika kunakohusika.

Siku ilipofika, mvua ilitupisha. Mchungaji alisali, msalaba ukawekwa, mshereheshaji akamwita shemeji aje asome. Alipokuwa anatafuta karatasi kwenye mfuko wa koti, lile koti, nilikuwa nimeshasimama mbele ya watu.

"Naomba mnisikilize," nikasema. "Mume wangu aliandika wasifu wake kwa mkono wake. Huu hapa. Nitausoma mimi."

Shemeji akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kaa. Kuna utaratibu."

"Utaratibu aliuacha yeye," nikasema, nikaanza.

Sikusoma vizuri. Sikuzoea kusoma mbele ya watu, na mahali pengine nilirudia mstari. Lakini nilipofika kwa binti yetu nilisoma polepole, nikataja jina lake lote, nikageuka nikakitazama kile kikaburi, na watu wote wakageuka pamoja nami. Shangazi wa mume wangu, bibi ambaye Kiswahili chake ni cha kuazima, alisema kutoka kwenye kiti chake, "Ndaga fijo." Asante sana. Hakuna aliyenikatiza.

Baadaye, watu wakiwa wanakula, shemeji alinifuata kwenye migomba.

"Ungeniambia mapema."

"Nilikuambia. Asubuhi ya maziko, ukiwa umeegemea gari."

Hakuniomba radhi, na mimi sikungoja. Ila karatasi yake aliikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama tembe ya dawa. Tangu siku hiyo hajaitaja kompyuta.

Mwezi haukuisha, mwanamke mmoja kutoka Suma akaja kwenye mvua, amefiwa na mama yake. Alisimama barazani akauliza kama ni kweli kwamba bado panaandikwa. Nikamkalisha. Nilimwandikia kwa vidole viwili tangu saa tatu mpaka saa saba, umeme ukikatika mara mbili. Baada yake wakaja wengine. Sasa natumia vidole vinne.

Mashine haijawa rahisi. Diski iliyokuwa inagonga fundi aliibadilisha, baada ya mimi kuyahamishia mafaili yote kwenye flashi mbili, moja ndani ya Biblia, nyingine kwa rafiki yangu. Kioo kilikufa kwa radi. Nikaunganisha televisheni ya sebuleni, na ikiwa kuna msiba, taarifa ya habari siioni.

Juzi alikuja mzee wa kanisa, amevaa suti. Alisifu sana, kisha akasema kamati imekaa, imeona ni vema kompyuta ihamie ofisini kwao, penye umeme wa uhakika na watu waliosomea. Akasema mimi sasa nipumzike, nimefanya vya kutosha.

"Mzee," nikamwambia, "nani amewaambia nimechoka?"

"Hakuna, mama. Tulifikiri tu."

"Basi mtu akifiwa, anajua njia ya kuja hapa. Na kamati ikitaka kujifunza, nayo njia ni ile ile."

Nikammiminia chai. Alipokuwa anaipoza nilirudi kwenye kiti, maana kulikuwa na familia ya Igogwe inangoja barazani, na maziko yao yalikuwa saa tisa.